Kliniki ya ghorofani Langoni: nyota nne, na ya tano nimeizuia makusudi

Nina nyumba ya wageni Mkomani, hapa mjini Amu, yaani Lamu. Kwa kazi hii mimi ndiye ninayepewa nyota kila kukicha, na watu ambao wengine wao hata swichi ya feni hawajaiona iko wapi. Najua uchungu wa nyota moja iliyotolewa kwa hasira ya mbu, kwa hiyo nikikaa kuandika maoni juu ya biashara ya mwenzangu, naandika nilichokiona.

Ninayoizungumzia ni kliniki ndogo ya binafsi huku Langoni, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Jina silitaji, kwa sababu nina malalamiko nayo na mwenyewe tunasalimiana. Mtu wa Amu akisoma haya ataijua. Mgeni na aulize dukani, ataoneshwa ngazi.

Na ngazi zenyewe ndilo lalamiko la kwanza. Ni za nyumba ya kale, mwinuko mkali, giza, hakuna pa kushika. Mtu mwenye homa hupanda akishikwa kwapani. Juu kuna benchi moja. Binti wa mapokezi huita majina kwa sauti ya kunong'ona, halafu hununa usiposikia. Malipo ni kwa M-Pesa, na risiti hupewi mpaka uiombe, tena uiombe mara ya pili. Basi, ubaya karibu wote ni huo, mmoja nimeuacha kwa baadaye.

Sasa daktari. Kwa cheo ni tabibu, lakini sisi mtaani kila anayetibu ni daktari, na huyu jina hilo linamkaa. Kilichonifanya niandike ni namna alivyomshughulikia mtoto wa kaka yangu.

Kijana huyu hununua mbuzi bara, vijiji vya Witu na Hindi, akawashusha gatini Mokowe, kisha akawavusha kwa mashua kuja kuwauza kwa wachinjaji hapa Amu. Ni kazi ya kulala karibu na zizi ili mali isitembee usiku. Safari moja alirudi anatetemeka. Kichwa kinamgonga nyuma ya macho, maungo yote yanamvunja, chakula hakitaki. Wenzake walimpeleka mahali fulani kwanza, na mahali hapo nitapaacha bila jina. Walimdunga kidole, malaria hakuna. Wakamtoa damu nyingine, wakampima Widal, karatasi ikarudi imeandikwa taifodi. Wakamwanzishia sindano za ceftriaxone, dawa ya kuua bakteria, na bili yake.

Niseme kidogo juu ya hiyo Widal, maana sidhani kuna nyumba hapa pwani ambayo haijawahi kuambiwa ina "taifodi kidogo". Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu wa taifodi mwenyewe, yaani bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa dhidi yake au dhidi ya wadudu wanaofanana naye. Watu wa mahali ambapo ugonjwa uko kila mwaka wanaweza kuwa na askari hao tangu zamani, hata kama homa ya leo haihusiani kabisa. Kipimo kimoja cha Widal, peke yake, si ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Lakini ni rahisi, ni cha haraka, na kinazaa sindano, na sindano zinazaa pesa. Hayo ni maneno yangu mimi, daktari hakuyasema.

Sindano zilichomwa, homa haikutikisika. Hapo ndipo kaka yangu aliponipigia simu, nami nikasema aletwe Langoni.

Nilitarajia kipimo. Nikakuta maswali. Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye, akaanza: umelala wapi wiki mbili hizi? Chini au kitandani? Nje au ndani? Mbuzi uliwashika kwa mikono? Uliwatoa kupe? Kuna mwenzako mwingine ana homa? Ulipita vichakani au barabarani? Kijana anajibu kwa taabu, daktari anaandika. Kidole alidungwa tena, kwa sababu alisema hakuna homa anayoiamini mpaka malaria iondolewe mezani, na kipimo cha jana si cha leo. Hakuna malaria.

Kisha akamwambia, "Vua shati, bwana mdogo. Na kikoi pandisha." Mimi nikageukia dirishani.

Nikaitwa. "Shangazi, njoo uone hiki." Nyuma ya goti la kushoto, pale ngozi inapokunjika, kulikuwa na kidonda kikavu chenye gamba jeusi kabisa, kipana kama nusu sentimita, kimezungukwa na uvimbe. Ukikigusa hakiumi. Kijana mwenyewe alikuwa hakijui, na ungemuuliza una kidonda angekujibu hana. Daktari akamshika kinena upande huohuo, tezi zimevimba. Akasema hapo ndipo kupe alipouma, na gamba hilo ni ngozi iliyokufa pale mdudu wa ugonjwa alipoingilia.

Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona daktari akilifanya. Alizima taa ya dari, akawasha tochi ya simu, akaiweka ubavuni mwa mkono wa kijana ili mwanga upite kwa mlalo juu ya ngozi. Ngozi yetu nyeusi haioneshi wekundu, ndiyo maana vipele vya homa hii hupotea machoni. Lakini kwa mwanga wa ubavuni vilijitokeza, vidogo vidogo, kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko. Akanishika kidole akanipitisha juu yake nivisikie. Akatazama viganja, akatazama nyayo. Muda wote huo hakuna mashine iliyowashwa isipokuwa simu.

Homa ya kupe, akasema. Iko katika ukoo mmoja na taifasi, na wadudu wake wanaitwa Rickettsia. Taifasi yenyewe ile ya kuua majeshi na wafungwa huletwa na chawa wa mwilini, nyingine huletwa na viroboto wa panya na hupenda miji ya bandari, na hii ya kupe ndiyo ya watu wa mifugo na watembea porini. Hakuna uhusiano na taifodi ila kufanana kwa majina na kwa mwanzo wa homa. Taifodi ni ya tumbo, huingia kwa maji na chakula.

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu angeliuliza: mbona hupeleki damu maabara uthibitishe? Jibu lake nililipenda. Kwanza, kipimo cha kuaminika cha ugonjwa huu hakipo hapa Amu kwake. Pili, hata kingekuwepo, vipimo vya kingamwili kwa kawaida huwa havijasema kitu wiki ya kwanza, mwili bado haujatengeneza hao askari. Ukisubiri karatasi iseme ndiyo, umesubiri zile siku ambazo dawa ingefanya kazi yake nzuri zaidi. Kwa magonjwa ya ukoo huu kanuni ni kuanza dawa pale unaposhuku. Akasema aina kali kuliko zote, ile ya kupe wa Marekani, inaua watu wengi zaidi pale dawa inapocheleweshwa kupita siku ya tano ya homa, na hii ya kwetu, ingawa mara nyingi ni nyepesi kuliko hiyo, si ya kufanyiwa mchezo.

Na zile sindano? Hapo alinyamaza kidogo, hataki kumsema mwenzake. Kisha akaeleza bila kumtaja mtu. Rickettsia haogelei ovyo kwenye damu. Huingia ndani ya chembe zinazotandika kuta za mishipa ya damu na kuishi humo. Penisilini, amoksilini na hizo sindano hazimfai kitu. Na zile tembe za salfa, tunazoziita Septrin, ni za kuepukwa kabisa kwenye ugonjwa huu, maana zinaweza kuuzidisha. Dawa yake ni doksisaiklini, ambayo hupenya ndani ya chembe na kumzuia mdudu asijenge protini zake.

Doksisaiklini! Dawa iliyoko kila duka la dawa kutoka hapa hadi Malindi. Vidonge vya kozi nzima havikufika bei ya kilo ya nyama ya hao mbuzi waliomletea maradhi. Nilikuwa nimejiandaa kutoa pesa za maana, nikatoa za mfukoni. Kipimo cha malaria, ada ya kuonana na daktari na dawa, vyote pamoja, havikuwa hata robo ya bili ya kule kwa sindano.

Maelekezo nayaandika kwa sababu ndiyo huduma yenyewe. Miligramu 100 asubuhi na 100 jioni, na usiache mpaka siku 3 zipite tangu homa kuondoka, kwake ikawa wiki. Kila kidonge na glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima, na usilale kwa nusu saa, maana kikinata njiani kinachoma koo la chakula. Usikimeze kwa maziwa. Hapa tulisimama kidogo, kwa sababu kwetu chai ni ya maziwa au si chai. Akasema chai baadaye, kidonge kwanza, wapeane nafasi ya saa mbili, na vivyo hivyo kwa dawa za kiungulia na vidonge vya damu vya madini ya chuma. Jua lake ni kali ukiwa na dawa hii mwilini, ngozi inaungua upesi, kwa hiyo mashuani avae mikono mirefu na kofia. Akaniuliza kama nyumbani kuna mjamzito anayeweza kuchukua vidonge hivyo kwa kudhani ni vya homa tu, nikasema hayupo, akasema hata hivyo viwekwe juu. Nilikuwa nimesikia dawa hii inaharibu meno ya watoto. Akasema hofu hiyo ilitoka kwa ndugu zake wa zamani wa tetrasaiklini, na kwamba kwa ugonjwa wa ukoo huu hata mtoto mdogo hupewa, kozi fupi, kwa kipimo cha uzito wake.

La mwisho ndilo lililonifanya nimwamini. "Homa isipoanza kushuka ndani ya saa 48, mrudishe, kwa sababu itakuwa nilichodhani sicho." Akaongeza dalili za kutomngojea yeye: akianza kupayuka, pumzi ikibana, mkojo ukipungua, au akitoka damu mahali, moja kwa moja hospitali ya King Fahd, hata kama ni usiku. Mara ngapi daktari amekupa muda wa kumkamata uongo?

Jioni ya pili mtoto aliulizia samaki wa kupaka. Tulijua amepona kabla kipimajoto hakijasema.

Kuna jambo lililonisumbua mimi kama mwenye nyumba ya wageni, nalo ni mashuka. Alikuwa amelala usiku mmoja kwenye chumba changu cha chini, na kesho yake nilikuwa na wageni. Nikamuuliza daktari nichome godoro au vipi. Akacheka, akanieleza kwamba homa ya kupe haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, haipandi kitandani, nitafute kupe kwenye nguo na viatu vya kijana, nguo zifuliwe kwa maji ya moto, basi. Kisha akanipa kisa ambacho tangu hapo nimewasimulia wafuaji wangu wote.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mji wa Tunis, Mfaransa Charles Nicolle alikuwa akipita kwenye mlango wa hospitali iliyojaa wagonjwa wa taifasi. Aligundua kwamba wagonjwa walikuwa wakiambukiza watu kila mahali, hadi mlangoni pa hospitali. Waliokuwa wakiwapokea waliugua, na waliofua nguo zao waliugua. Lakini mgonjwa akishavuliwa, akaogeshwa, akavishwa nguo za hospitali na kuingizwa wodini, hamwambukizi tena yeyote, hata akilala ubavu kwa ubavu na wagonjwa wengine. Basi kilichokuwa kikiambukiza kilibaki mlangoni, kwenye nguo. Alikuwa chawa. Nicolle alithibitisha hayo mwaka 1909, na mwaka 1928 akapewa tuzo ya Nobel. Maprofesa wote wale, na jibu lilikuwa kwenye kapu la nguo chafu. Mwanamke yeyote mwenye dobi angeanzia hapo.

Nilirudi baada ya Isha nikauliza mengine, maana siku hiyo hakukuwa na wagonjwa. Akanieleza kwamba kabla ya miaka ya 1940 kuisha hapakuwa na dawa ya kuua ugonjwa huu, ilikuwa ni kuuguza tu na kuomba. Mwaka 1948 madaktari wa Kimarekani walikwenda Kuala Lumpur kujaribu dawa mpya ya kloramfenikoli kwa wagonjwa wa taifasi ya msituni, ile inayoletwa na utitiri. Katika wagonjwa waliowapa alikuwemo mmoja waliyedhani ana taifasi, kumbe ana taifodi, naye akapona. Ndivyo dawa ya taifodi ilivyojulikana. Hata mabingwa walichanganya hizo mbili, tena kwa faida. Doksisaiklini ilikuja sokoni baadaye, mwaka 1967, na ndiyo iliyotumika Burundi miaka ya 1990 taifasi ya chawa ilipozuka kwenye kambi za wakimbizi, ambako dozi moja ya miligramu 200 ilitosha kumtibu mtu.

Sasa msinielewe vibaya, huyu si daktari wa kumpa kila anayepanda ngazi doksisaiklini. Mpishi wangu alikwenda na homa kama ile ile, akadungwa kidole, malaria ikawaka, akapewa dawa ya malaria na kurudishwa kazini akishapona. Jirani yangu aliyekuwa na kikohozi alisikia habari za mtoto akataka "zile za shilingi kidogo". Nikamwambia nenda mwenyewe. Alitazamwa kooni, akasikilizwa kifua, akaambiwa ni mafua na aende nyumbani. Alirudi amekasirika kwamba amelipa ada ya kuambiwa hana kitu. Mimi naona hiyo ndiyo ada ambayo ningeilipa kwa furaha kuliko zote, ingawa haikuwa yangu.

Na alikuwepo mgeni wangu, mama wa Kiholanzi, aliyefika hapa kutoka Afrika Kusini alikotembea porini kwa miguu, kaptula fupi. Siku ya pili hapa homa ikamshika. Alitaka ndege ya Nairobi. Nikamwomba kwanza apande ngazi zile, ndege ya kesho bado ingekuwepo Manda. Alipanda akiwa ameshikilia pua yake. Daktari alimkuta na magamba meusi matatu, miguuni na kiunoni. Kupe wa kule wana tabia ya kumvamia mtu wengi kwa pamoja, ndiyo maana vidonda huwa zaidi ya kimoja. Dawa ile ile, maelekezo yale yale, hadi la maziwa. Aliondoka mzima, na nyota tano akanipa mimi na kifungua kinywa changu.

Wanaoniambia kwamba magonjwa haya ni ya bara na sisi wa visiwani hayatuhusu, nawakumbusha kwamba mwaka 2010 watafiti walichapisha kuwa mdudu wa ukoo huu, Rickettsia felis wa viroboto wa paka, alikutwa kwenye damu ya wagonjwa wa homa kaskazini mashariki mwa Kenya. Garissa ni jirani wa mlango mmoja na kaunti yetu. Na paka, alhamdulillahi, Amu hatujapungukiwa.

Nyota ya tano sasa. Nimeizuia kwa sababu ya bahasha ya dawa. Baada ya maelezo yote yale mazuri ya mdomo, vidonge vinatolewa kwenye kibahasha cha karatasi kilichoandikwa "1 x 2" kwa kalamu inayofifia, na jina la dawa kwa mwandiko ambao hata mwenye duka la dawa angeushangaa. Mimi nilikuwepo, nikasikia habari ya maji na kukaa wima na chai. Nani atamwambia mtu aliyetumwa na mgonjwa? Bibi wa Matondoni aliyemtuma mjukuu atameza kwa maziwa, atalala, kidonge kimchome, asimeze tena, na homa irudi. Kama wameweza kununua kompyuta ya kuonesha mpira kwenye chumba cha kungojea, watachapisha vipande vya karatasi vyenye mistari mitano ya Kiswahili. Nimemwambia mwenyewe hayo ana kwa ana kabla ya kuyaandika hapa.

Wanafungua baada ya Alasiri hadi usiku, Ijumaa wanachelewa, Jumapili hawapo. Watoto wadogo nenda nao mapema, maana kuna mbu kwenye hiyo benchi. Nenda na mtu anayejua mgonjwa alilala wapi na alishika nini, kwa sababu utaulizwa. Na vaa nguo inayovulika.